Ukienda porini na upinde, jiandae kurudi mikono mitupu

Vijana wawili wa ofisini kwetu pale Mtumba, Dodoma, wameshikwa na homa ya kutaka kuwinda kwa upinde. Mmoja anaangalia video za Wazungu wakiwinda kulungu. Mwingine alifika Ziwa Eyasi na kundi la utalii wa ndani, akapigwa picha amevuta upinde wa Mhadzabe, wale watu wa huko wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, na tangu siku hiyo hakai kimya. Wote wanataka kujua waanzie wapi. Swali lao la kwanza ni upinde upi ni mzuri. La pili ni mshale unafika umbali gani. Nimeona heri niandike, maana majibu ninayowapa wakati wa chakula cha mchana hayatoshi na wali unapoa.

Nianze na hilo la umbali, ndilo linalowapoteza wengi. Mwenye bunduki anaweza kukaa ng'ambo ya korongo akamaliza shughuli yake huko huko. Mwenye upinde hana ng'ambo. Kazi yake ni kusogea mpaka mahali ambapo mnyama angeweza kumsikia akipumua, na asimsikie. Akishafika hapo, kuvuta kamba na kuachia ni suala la sekunde chache. Kwa hiyo mtu aliyekaa miezi akipiga gunia la majani nyuma ya nyumba anaweza kufika porini akajikuta hajui kitu, kwa sababu muda wote huo alikuwa anafanyia mazoezi ile dakika ya mwisho tu. Na dakika hiyo, siku nyingi, haifiki.

Hayo sikuyajua mapema. Upinde mimi nilijifunzia Marekani, nilipokuwa masomoni Wisconsin. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mstaafu, mpenzi wa kuwinda, na alipoona navyowashangaa kulungu wanaoingia bustanini kula maua ya mkewe, akasema twende nikufundishe. Kule mambo yana utaratibu wake. Kila aliyezaliwa kuanzia 1973 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama ndipo auziwe leseni ya kuwinda, na msimu wa upinde unafunguliwa katikati ya Septemba, wiki nyingi kabla ya ule wa bunduki wa Novemba. Upinde wenyewe ni mashine. Una magurudumu kwenye ncha zake, na ukishavuta kamba hadi mwisho magurudumu yanakupokea mzigo, kwa hiyo upinde wa kuvutwa kwa nguvu ya kilo 27 unaushikilia kwa nguvu ya kilo tano au sita tu. Unatulia, unatazama kwenye alama ya kulengea, unabonyeza kifyatulio. Na unafanya hayo yote ukiwa juu ya mti, kwenye kiti kilichofungwa mita tano hivi kutoka ardhini, umejifunga mkanda usianguke, unamsubiri kulungu mwenye mkia mweupe apite kwenye njia yake ya kila siku.

Kulungu nilimpata. Nyama tulikula majira ya baridi karibu yote. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba hii kazi naijua, na kama kuna kilichobaki ni kubadilisha tu jina la mnyama.

Shemeji yangu ni Mnyiramba wa Mkalama. Kiangazi kimoja alikuwa anakwenda kwao nikamdandia. Kutoka Dodoma unapita Manyoni mpaka Singida, unaendelea hadi Iguguno, halafu unashika njia ya Nduguti. Munguli iko mbele zaidi, huko ambako nchi inaelekea bonde la Ziwa Eyasi na mto Sibiti. Wengi wakisikia Wahadzabe wanafikiria Mang'ola na Yaeda Chini tu, upande wa Arusha na Manyara, lakini Singida nako wapo, na Munguli ni kwao. Shemeji alikuwa anafahamiana na mzee mmoja wa huko tangu zama za biashara ya asali.

Niseme jambo moja hapa asije mtu akanielewa vibaya. Mimi sikwenda kuua mnyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina kipengele cha "nilialikwa na mwenyeji". Bila leseni wewe ni jangili, hata kama mnyama mwenyewe ni digidigi wa kilo tano. Wahadzabe wanawinda kwa ajili ya chakula chao na mila yao. Mgeni anafuata nyuma, anaangalia, anajifunza. Nilikwenda kufuata nyuma, na hata hilo la kufuata nyuma lilinishinda, kama utakavyoona.

Asubuhi ile kambini walikuwa wanapiga kisiki. Nikaomba nijaribu. Upinde wa Mhadzabe unakaribia urefu wa mtu, ni mti mtupu uliochongwa na kunyooshwa kwenye moto, na kamba yake ni ya kano za mnyama. Watafiti waliozipima pinde hizi wamekuta kuivuta moja mpaka mwisho kunahitaji nguvu ya kilo 30 hivi, na hapo hakuna gurudumu la kukupokea mzigo. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kukukatalia. Nilifika usawa wa kidevu, mkono ukaanza kutetemeka, nikaachia, mshale ukaenda kuchoma mchanga. Mtoto wa umri wa darasa la nne akachukua kaupinde kake, akalenga kisiki kile kile, akakipata, akaenda kuchomoa mshale wake. Hata hakunitazama.

Mzee hakucheka. Aliniambia, "Mkono utazoea. Twende tuone miguu."

Na miguu ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Nilivaa viatu vya kupandia mlima, vile vizito vyenye soli ngumu, nikidhani ndivyo vya porini. Kiangazi Singida majani yote yako chini, yamekauka, na kila nililokanyaga lilitoa taarifa. Mzee alikuwa na katambuga zake za tairi. Kijana aliyefuatana naye alikuwa peku kabisa katikati ya miiba ya kikwata, ile inayokushika shati kwa nyuma ikakurudisha ulikotoka. Tulikwenda kidogo, mzee akasimama, akageuka, akatutazama mimi na shemeji kama mwalimu mkuu anavyowatazama waliochelewa mstarini. Shemeji, mwenye kilo zake tisini na ushee, aliambiwa kwa heshima zote apumzike chini ya mbuyu pamoja na akina mama waliokuwa wanachimba mizizi. Jioni alitutambia kwamba katika msafara wetu wote yeye ndiye aliyeshiba. Na ni kweli, mizizi na matunda na asali ndivyo vinavyowafikisha watu wale kesho yake. Nyama ni bahati.

Mimi niliambiwa nivue viatu nibaki na soksi. Ukitaka ushauri wa bure kutoka kwangu ambao hauhitaji upinde wala leseni, ni huu: nenda kwenye kichaka chochote kandokando ya mji, kule Ihumwa au popote penye majani makavu, ujifunze kutembea. Weka ubavu wa nje wa unyayo kwanza, sikiliza kilicho chini, ndipo ulaze mguu mzima na kuhamishia uzito. Hatua chache, kisha simama. Simama muda mrefu kuliko ule uliotembea. Ukiwa umesimama, tumia macho na si shingo. Mimi nilikuwa natembea kisha naangalia. Mzee alikuwa anaangalia, anaangalia, anaangalia, kisha anatembea kidogo. Mwanzoni niliona tunapoteza muda. Baada ya hapo nikagundua kwamba kila tunaposimama yeye ameshaona kitu: unyayo, tawi lililotafunwa, ndege aliyeacha kulia.

Upepo ni somo la pili, na kwangu ndilo gumu zaidi kwa sababu hulioni. Wisconsin nilifundishwa habari za upepo, lakini juu ya mti unajipanga mara moja, unakaa, basi. Ukiwa unatembea, upepo ni jambo la kila dakika. Mikoa hii ya kati kiangazi inapigwa na upepo wa mashariki na kusini mashariki karibu mchana kutwa, anayeishi Dodoma analijua hilo vizuri kwa vumbi lililoko sebuleni kwake. Lakini penye mabonde na miinuko mambo hubadilika. Asubuhi hewa ya baridi inashuka bondeni, jua likishapanda inageuka na kupanda mlima, na katikati ya mageuzi hayo kuna muda ambao inazungukazunguka haijui iende wapi. Mzee alikuwa anachota vumbi na kuliachia taratibu kutoka vidoleni. Alifanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba nilidhani ni tabia tu, kama mtu anayekuna ndevu. Halafu ghafla akabadilisha njia, akatuzungusha mwendo mrefu kuzunguka kilima kizima, kumbe mbele kulikuwa na swala na vumbi lilikuwa linaelekea kwao.

Kwa hiyo manukato acha nyumbani. Sabuni yenye harufu acha. Sigara sisemi. Ila usijidanganye kwamba ukijipaka hiki na kile utakuwa huna harufu. Mnyama atakunusa tu kama upepo uko upande wake, na hakuna dawa ya hilo isipokuwa kuzunguka kilima.

Sasa nifike kwa yule swala. Alikuwa swala pala dume, peke yake, kwenye kivuli cha mgunga, ameelekeza ubavu. Kutoka pale tulipokuwa tumejibanza nyuma ya kichuguu nilikadiria hatua ishirini na tano. Kwa upinde wangu wa magurudumu umbali huo ni zawadi. Mzee aliweka mshale kwenye kamba, akainuka polepole, akavuta mpaka mwisho, na mimi moyo ukawa unapiga kwa nguvu hadi nikaogopa swala atausikia. Mzee akakaa hivyo. Kisha akarudisha kamba taratibu, akashusha upinde. Swala alibaki pale kitambo kidogo, akapiga mguu chini, akaondoka kwa miruko yake ile, hana hata haraka.

Nilitamani kupiga kelele. Nilimwuliza kwa kunong'ona, "Mzee, mbona umemwacha?"

Akanijibu, "Yule alishaondoka. Uliobaki pale ni mwili tu."

Ilibidi anieleze baadaye tukiwa tumekaa. Masikio yote mawili yalikuwa yametuelekea. Miguu ya nyuma ilikuwa imekusanywa chini ya tumbo. Alikuwa ameacha kutafuna. Hajajua sisi ni nini, ila alishajua kuna kitu, na alikuwa anasubiri sababu moja tu ya kuruka. Sauti ya kamba ndiyo ingekuwa sababu. Mimi nilikuwa nimeangalia bega, pale nyuma ya mguu wa mbele ambapo moyo na mapafu vinakaa, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa natazama shabaha, na mzee alikuwa anamtazama swala.

Saa chache baadaye nilipata kuona kwa macho yangu maana ya yale maneno. Digidigi wanaishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao dogo wasilolihama, na mipaka yao wanaiwekea alama kwa lundo la mavi wanalolirudia mara kwa mara na kwa utomvu mweusi wa tezi iliyo karibu na jicho, wanaoupaka kwenye ncha za vijiti. Mzee alikuwa analijua lundo lile tangu zamani. Tukajibanza, tukangoja jua lilegee. Digidigi akaja kweli, jike nyuma yake. Hatua kumi na tano, pengine pungufu. Safari hii mnyama alikuwa ametulia, kichwa chini. Mzee akavuta, akaachia, na mimi nilimwona yule mnyama akishuka chini kama aliyekatwa miguu. Nikajua amepigwa. Kumbe hajaguswa. Mshale ulipita juu ya mgongo wake, yeye akachomoka kwa mwendo wa kukata kona huku akitoa ule mluzi wake wa puani, wakapotea wote wawili.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila anayetaka upinde aijue kabla hajatoa hela. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa upinde wa mti unakwenda mita 50 kwa sekunde, pengine zaidi kidogo. Kwa umbali wa mita 15, sauti ya kamba inamfikia mnyama mara moja, na mshale unachelewa nyuma yake kwa robo ya sekunde. Kwetu robo ya sekunde si kitu. Kwa digidigi inatosha. Na hakusudii kukwepa mshale, hana habari na mshale. Anachofanya ni kukunja miguu ili apate nguvu ya kuruka, na katika kukunja huko mwili wote unashuka, mshale unapita mahali alipokuwa. Kulungu wa Wisconsin wana mchezo huo huo, ndiyo maana mwenye nyumba wangu alikuwa ananisisitizia nilenge chini kidogo ya moyo. Upinde wa kisasa unarusha mshale kwa mita 90 kwa sekunde, na bado sauti inautangulia mbali. Kwa hiyo nunua upinde wa bei yoyote unayotaka, hakuna unaoishinda sauti ya kamba yake mwenyewe.

Mzee alipokosa alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, akamwigiza digidigi alivyokata kona, kijana naye akacheka, kisha wakaanza kazi ya kutafuta mshale. Hiyo kazi ilichukua muda mrefu kuliko mawindo. Walipiga magoti, wakapekua majani, wakabishana kuhusu mwelekeo, mpaka ukapatikana umelala chini ya kichaka, manyoya yake yamechakaa kidogo. Nilitaka kusema tuuache, giza linaingia. Nashukuru sikusema. Mshale mmoja ni mti ulionyooshwa kwa meno na moto, manyoya ya ndege yaliyofungwa kwa kano, na msumari uliogongwa mpaka ukawa ncha. Ninyi mnaoagiza mishale kwa dazeni mtajifunza mengi mkiwa na mishale mitatu tu ambayo kila mmoja mmeutengeneza wenyewe. Utaacha kurusha ovyo. Nakuhakikishia.

Tulirudi kambini na kipande cha sega la asali ambacho kijana alikitoa kwenye tundu la mbuyu tukiwa njiani. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo kichwani: upepo, mwanga, digidigi alivyoshuka. Hakuna aliyeuliza. Mwanamke mmoja alitazama mikono yetu, akaona asali, akasogeza watoto. Hadithi ya digidigi mzee aliisimulia baadaye, kwa kuigiza, watu wakacheka tena.

Hili ndilo lililoninyoosha kuliko kushindwa kuvuta upinde. Kwangu mimi kurudi mikono mitupu lilikuwa jambo la kutolewa maelezo. Kwao ni siku ya kawaida tu. Miaka ya 1980 watafiti watatu, James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe wakiandika kila kilicholetwa kambini, na walichokikuta ni kwamba mwindaji anampata mnyama mkubwa takriban mara moja kwa siku 30 za kuwinda. Hao ni watu waliozaliwa na upinde mkononi, wanaolijua kila lundo la mavi katika nchi yao. Sasa wewe unayetoka Area C na gari la kukodi Jumamosi asubuhi, ukitegemea kurudi Jumapili na hadithi, unajiona nani? Nauliza kwa upendo, maana na mimi nilijiona vivyo hivyo.

Kuna wakati nafikiri kile kiti cha juu ya mti kilinificha mambo. Kilinikalisha mahali ambapo mwenye nyumba alikuwa ameshapasoma kwa miaka mingi: njia ya kulungu, upepo wa jioni, mti upi uangalie upande upi. Mimi nilichangia kidole. Sisemi uwindaji wa kule si uwindaji. Yule mzee alikuwa bingwa, na unyenyekevu wake sikuuelewa mpaka nilipofika Munguli. Siku nyingi alikuwa anapanda mtini, anakaa mpaka giza, anashuka bila kurusha mshale, na nikimwuliza anasema ilikuwa jioni nzuri. Nilidhani anajifariji.

Basi nikirudi kwa wale vijana wangu. Mkitaka kujipima kama upinde unawafaa, msijipime kwa gunia la majani. Nendeni mkakae mahali penye wanyama bila silaha yoyote. Kondeni kwa babu yako kule Chamwino au Bahi pana kanga na sungura wa kutosha. Mjaribu kumsogelea kanga mmoja mpaka hatua ishirini. Kanga tu. Mkiweza, mbaki hapo mpaka aondoke mwenyewe kwa hiari yake, asiwe amewashtukia. Ukikuta zoezi hilo linakuchosha na unaona heri ungekuwa na kitu cha kurusha, basi tamaa yako ni ya nyama, na nyama ya pori siku hizi inauzwa kwenye mabucha yenye leseni, hakuna haja ya kusumbua miguu.

Kujizuia nako kunahitaji mazoezi. Kuvuta upinde kisha kuurudisha bila kuachia ni kugumu kuliko kuachia, mkono unataka kumaliza ulichoanza na akili inautetea. Kwenye mazoezi yangu ya sasa, hapa nyumbani kwenye gunia, kila mara ya pili au ya tatu navuta hadi mwisho, nahesabu polepole, narudisha. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Lakini ndilo zoezi pekee ninaloona limenisaidia, na ni jambo ambalo video hazionyeshi kwa sababu hakuna cha kuonyesha.

Na kama siku moja utawinda kwa leseni, popote pale duniani, ukaachia mshale na ukampata mnyama, jambo la kwanza la kufanya ni kukaa chini. Usimkimbilie. Hapa Wisconsin na Munguli wanakubaliana kabisa, ingawa hawajawahi kuonana. Mwenye nyumba wangu alikuwa ananilazimisha nikae angalau nusu saa. Damu ya waridi yenye povu inatoka mapafuni, mnyama huyo hafiki mbali. Damu nyeusi nyeusi ni ya ini, unangoja saa kadhaa. Ukikuta uchafu wa kijani wenye harufu ya tumbo, ngoja zaidi, hata mpaka asubuhi kama ni jioni, kwani ukimfuata mapema atakwenda na maumivu yake mahali usipoweza kumpata. Mhadzabe aliyempiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu naye harukii nyuma yake. Anaweka akilini alichoweza kukiona, unyayo na tone la damu, anarudi kambini kuita wenzake, kisha wanaufuata unyayo huo kwa pamoja. Mtu asiye na subira ya kukaa chini baada ya kurusha hafai kabisa kupewa mshale, hilo sina mjadala nalo.

Machache kwa wanaopanga kwenda kutembelea Wahadzabe, iwe Singida au upande wa Eyasi. Pitieni serikali ya kijiji na mtu anayefahamika pale, malipo yajulikane mapema na yawafikie wenyewe mkononi. Pombe msipeleke hata mkiombwa. Picha ombeni. Msiwaambie warudie kuvuta upinde kwa sababu mwanga haukuwa mzuri, nimeliona hilo likifanyika na nikaona aibu kwa niaba ya mwenye kamera. Na mishale ambayo ncha zake zimezungushiwa ukanda wa ngozi msiiguse wala kuiazima kwa ajili ya picha. Ngozi ile inafunika sumu, na ni sumu ya moyo.

Kuhusu kuwinda wenyewe kihalali hapa nchini, mahali pa kuanzia ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ulizeni ni leseni ipi inawahusu, mnyama yupi, eneo lipi, msimu gani, na silaha gani inaruhusiwa kwa leseni hiyo, na mpate majibu kwa maandishi kabla hamjatoa shilingi moja kuagiza upinde kutoka nje. Mkiambiwa upinde hauruhusiwi, msilete ubishi wa kwenye vijiwe. Kanga wa Chamwino hawahitaji leseni kwa mtu anayewatazama tu.